Mgomba hauna mchumba: tuliyojifunza kuhusu neno "aseksuali"

Swali huja siku ileile ya mgomba. Umewatoa wanafunzi nyuma ya bweni, umechimba chipukizi, umewaonyesha tunguu na mizizi, umeandika ubaoni kwamba mgomba huzaliana bila jinsi, yaani bila mbegu ya kiume kukutana na ya kike. Wanaandika. Halafu mkono mmoja unanyooka kutoka dawati la nyuma: "Mwalimu, na yule binadamu aseksuali naye anachipua?" Darasa linaangua kicheko. Mwalimu ambaye hakujiandaa anacheka nao, anafuta ubao, kipindi kinaisha.

Swali lile ni zuri kuliko linavyochekwa. Neno moja la kigeni limeingia kwetu kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kitabu cha baiolojia, ambako linajibu swali la kiumbe anazaaje. Mlango wa pili ni simu, ambako vijana wanalikuta likijibu swali jingine kabisa: mtu anavutwa na nani, au havutwi na yeyote. Anayeyachanganya shambani hasara yake ni ndizi. Anayeyachanganya nyumbani humpeleka binti wa watu kwa mganga. Kwa hiyo sisi tunaofundisha somo hili, na wenzetu wanaokaa meza ya ushauri zahanati, tumezoea kuanzia shambani, tumalize shamba, ndipo tumguse binadamu.

Shambani kwanza

Vitabu hupenda hidra, kiumbe mdogo wa majini anayechipua. Hidra hakuna aliyemwona. Mgomba unaonekana kila uani hapa kwetu mkoani Kigoma, kuanzia Kakonko mpaka Buhigwe, na unaeleza jambo lote kwa mmea mmoja.

Migomba mingi tunayoilima ina seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, jumla 33. Mmea unapotengeneza mbegu za uzazi lazima ugawe kromosomu mafungu mawili yanayolingana, na seti tatu hazigawanyiki kwa mbili. Mbegu zinaanza, zinashindwa. Pasua ndizi mbivu kwa urefu uwaonyeshe vile vidoadoa vyeusi vya katikati: hayo ndiyo mabaki ya mbegu zisizokua. Tunda linajaa bila kuchavushwa, na mgomba unabaki na njia moja tu ya kuendelea duniani, nayo ni kuchipua kutoka kwenye tunguu.

Mwanafunzi achague chipukizi mwenyewe, kwa mkono wake. La kuchukua ni chipukizi upanga: majani membamba yaliyosimama, shina nene chini na jembamba juu, urefu wa nusu mita hadi mita moja. La kuacha ni chipukizi maji, lile linalopanua majani mapema likapendeza macho. Wengi hulichukua hilo kwa sababu ya uzuri wake. Halijashikana vizuri na tunguu la mama, halina akiba ya chakula, na mkungu wake utakuwa mdogo.

Menya tunguu kwa kisu kikali mpaka libaki jeupe. Palipo na matundu, fukusi wa migomba amepita. Palipo na madoa ya kahawia au mekundu yanayoelekea nyeusi, ni minyoo midogo ya kwenye mizizi. Kata palipoharibika. Ukikuta uharibifu umefika katikati, tupa chipukizi zima, usilionee huruma. Kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Sekunde, si dakika: tumeona watu wakichemsha kama viazi halafu wakalaumu mvua. Shimo liwe sentimita 60 kwa kila upande na kina hichohicho, udongo wa juu uwekwe kando yake na uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, nafasi ya mita 3 kwa 3. Shina likishaanza kutoa machipukizi, acha vizazi vitatu tu, mama, mtoto na mjukuu. Mengine yote yang'olewe.

Lugha yetu hapo inatuponza kidogo. Tunasema mama na mtoto, lakini mtoto huyo hakuchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Ni mgomba uleule umehama hatua moja. Alichonacho mama anacho, pamoja na ugonjwa wake. Bakteria wa mnyauko wa migomba husafiri ndani ya chipukizi, na hali kadhalika virusi vinavyodumaza mgomba na kubananisha majani yake juu kama ufagio, ambavyo vimeisumbua Burundi na Kongo miaka mingi, na mkoa wetu unapakana na zote mbili. Chipukizi la zawadi kutoka kwa shemeji wa ng'ambo ya mpaka ni zawadi ya kuchunguza kwanza.

Virusi hivyo vya kudumaza hubebwa na kidukari wa migomba, mdudu mdogo mweusi anayejibanza kwenye makunyanzi ya shina. Mwangalie vizuri, kwa sababu naye ni somo. Jike wa kidukari huzaa majike bila kukutana na dume, tena huwazaa wakiwa hai, ndiyo maana shina lililokuwa safi wiki iliyopita leo limejaa. Mmea usio na mchumba unaliwa na mdudu asiye na mume.

Muhogo ni hivyohivyo. Pingili ya sentimita 20 hadi 30 yenye macho matano hadi saba, iliyokatwa sehemu ya katikati ya shina lililokomaa, kuanzia miezi minane hadi kumi na miwili. Ncha ni laini, hukauka. Chini ni kugumu, huchelewa kuchipua. Ukipanda mita 1 kwa 1 utapata mimea 10,000 kwa hekta, ekari moja mimea kama 4,000. Ugonjwa wa batobato utauona kwenye majani kabla hujakata. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ndio wenye hila: majani yanaweza kuonekana ya kuridhisha huku muhogo unaoza ardhini, na mkulima akakata pingili za shamba lile akakigawia kijiji kizima. Kwa wenzetu wa Tabora, wanaoishi na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kabatini, weka marando ya viazi badala ya pingili: sentimita 30, theluthi mbili ardhini, kutoka kwenye shamba lisilo na majani yaliyojikunja.

Halafu onyesha kinyume chake, na Kigoma kinyume hicho kimesimama kila mahali. Mchikichi hautoi chipukizi. Una kilele kimoja tu cha kukulia. Kikifa, mti umekufa. Hutoa maua ya kiume na ya kike kwa zamu, na kupata mchikichi mpya ni lazima mbegu ikutane na mbegu. Mchikichi wa kienyeji, dura, una kokwa lenye gamba nene. Pisifera hauna gamba, lakini kwa kawaida maua yake ya kike huharibika na hauzai. Ukichukua chavua ya pisifera ukachavusha dura, unapata tenera, wenye gamba jembamba na nyama nyingi, ambayo ndiyo mafuta yenyewe. Sasa mkulima anauona tenera wa jirani unazaa, anaokota kokwa, anapanda. Ikiwa chavua nayo ilitoka kwa tenera, katika miche yake kama robo itarudi kuwa dura, nusu itakuwa tenera, na robo itakuwa pisifera zisizozaa. Kosa lake atalijua mwaka wa tatu au wa nne, baada ya palizi zote. Jinsi huchanganya upya kila mara. Bila jinsi, hakuna kinachochanganywa. Mwanafunzi akielewa mchikichi na mgomba kwa pamoja, mtihani amemaliza.

Kama mko karibu na ziwa, ongezea konyeza, yule kiumbe wa majini laini kama ute. Ndani ya Ziwa Tanganyika wapo konyeza wa maji baridi, wadogo, kipenyo kama sentimita 2, hawawashi. Wana njia zote mbili: wanatoa mbegu za kiume na za kike, na pia wanachipua konyeza wadogo kando ya mdomo. Kiumbe mmoja, njia mbili. Huyo huwashtua wanafunzi kuliko hidra.

Binadamu hachipui

Hapa ndipo mwalimu anapaswa kusimama wima na kujibu lile swali la dawati la nyuma. Hakuna binadamu anayezaliana bila jinsi. Mamalia wote ni hivyo, na sababu yake inajulikana: baadhi ya jeni huwekewa alama kutegemea zimetoka kwa baba au kwa mama, na kiinitete kinahitaji alama za pande zote mbili. Chenye za upande mmoja hakijengi kondo la nyuma ipasavyo, hakifiki mbali. Kitu pekee kwetu kinachofanana na chipukizi ni mapacha wa kufanana: yai moja lililokwisha kurutubishwa linagawanyika likawa watu wawili. Hutokea kama mara 3 au 4 katika kila uzazi 1,000. Hata hao walianza na mbegu mbili.

Kwa hiyo mtu anayejiita aseksuali hajasema lolote kuhusu mfuko wake wa uzazi, korodani zake wala uwezo wake wa kupata mtoto. Amesema kwamba hasikii mvuto wa kimwili kuelekea kwa mtu mwingine, mwanamume wala mwanamke. Basi.

Kutenganisha hamu na uzazi kunawawia watu vigumu, na mfano tunaoutumia tunaupata hifadhi ya Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambako sokwe wamekuwa wakifuatiliwa tangu Julai 1960. Alikuwapo jike watafiti walimwita Gigi. Alikuwa akiingia kwenye joto kama majike wengine, madume wakimfuata, akipandwa, lakini hakuwahi kuzaa hata mara moja. Akawa kama shangazi wa kundi, akiwasindikiza watoto wa wenzake na kuwalea yatima. Gigi alikuwa na hamu bila uzazi. Geuza kinyume: upo uwezekano wa kuwa na uzazi bila hamu. Wapo wanawake na wanaume wenye watoto wanne ambao hawajawahi hata siku moja kuvutwa na mwili wa mtu. Walioa na kuolewa kwa sababu watu huoa na kuolewa.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha lilikotoka neno lenyewe, kwa kuwa tuna maneno mengi na kila moja lina kazi yake. Tasa na mgumba ni wasiozaa. Hanithi ni mwanamume ambaye mwili hauitikii. Mseja ni mtu aliyeamua, kama wale wanaosomea upadre seminari ya Kipalapala kule Tabora: mseja anaweza kuwa na hamu tele na akajizuia kila siku ya maisha yake, na huo ndio uzito wa nadhiri yake. Aseksuali hajizuii, kwa kuwa hakuna cha kuzuia. Ashki ni msukumo wa mwili wenyewe, na huu unaweza kuwapo bila kuelekea kwa mtu yeyote, kama njaa inayokushika saa saba mchana lakini hata harufu ya mgebuka wa kuchoma haikuiti. Mapenzi ni jambo jingine tena. Wapo aseksuali wanaopenda kwa moyo wote, wanaoona wivu, wanaotaka mtu wa kuzeeka naye. Wapo pia ambao hata hilo hawalisikii. Na wapo wanaovutwa mara chache sana, au baada tu ya kumzoea mtu kwa muda mrefu. Hao wa mwisho utawakuta wakiitwa demiseksuali.

Kinachowaumiza zaidi ni kuitwa majina yasiyo yao. Kijana wa miaka thelathini na tano asiye na mchumba huitwa shoga na majirani. Binti huambiwa ana jini mahaba. Aliyekosa mvuto kwa mwanamke hajapata mvuto kwa mwanamume, na wala hajaibiwa na mtu asiyeonekana.

Jambo lenyewe si la juzi. Alfred Kinsey, aliyehoji maelfu ya Wamarekani, katika ripoti yake ya mwaka 1948 aliweka alama ya X kwa watu wasioingia kwenye mizani yake yoyote ya mvuto. Mwaka 2001 David Jay alianzisha mtandao uliowakutanisha wenye hali hii. Mwaka 2004 Anthony Bogaert alichapisha uchambuzi wa majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000. Takriban asilimia 1 walikubali kwamba hawajawahi kuvutwa kingono na mtu yeyote. Tunawaomba walimu wasiichukue asilimia hiyo wakaizidisha kwa idadi ya wakazi wa Kasulu. Waliulizwa Waingereza, kwa Kiingereza, na huku kwetu swali la namna hiyo mtu hulijibu akiwa ameangalia mlango. Tunachoweza kusema ni kwamba watu hawa wapo, na katika shule yenye watu 800 usidhani hayupo hata mmoja.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unaeleza wazi kwamba mtu ambaye kukosa hamu kwake kwa maisha yote kunaelezeka vizuri zaidi kwa kujitambua kuwa aseksuali hapewi utambuzi wa ugonjwa wa kukosa hamu. Na wanawake aseksuali walipopimwa maabara, mwili wao uliitikia kama wa wengine. Mashine iko salama. Hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha uaseksuali, na anayekuuzia kimoja anakuibia.

Meza ya ushauri

Hapa tuna mengi, kwa sababu hapa ndipo makosa hutokea kwa pande zote mbili. Upande mmoja ni mhudumu anayemwona kila asiye na hamu kuwa mgonjwa. Upande wa pili, ambao umeanza kuongezeka tangu simu zilipofika, ni mtu mgonjwa kweli aliyesoma neno usiku, akalipenda, akaacha kutafuta tiba ya tezi au ya kisukari.

Swali la kwanza ni moja: tangu lini? Anayesema "tangu niwe na akili zangu, wenzangu walipoanza kuandikiana barua mimi sikuelewa wanachokitafuta" anaeleza hali. Anayesema "tangu mwaka jana" anaeleza mabadiliko, na mabadiliko yana chanzo. La pili: ni kwa mke wako tu, au kwa watu wote? Hamu iliyokufa nyumbani ikafufuka safarini ni habari ya ndoa. La tatu: linakusumbua wewe, au linawasumbua wengine juu yako? Mpe muda. Wengi hawajawahi kuulizwa hilo.

Kama ni mabadiliko, pita kwenye orodha bila haraka. Uchovu, kusikia baridi, choo kigumu na kuongezeka uzito vinaelekeza kwenye tezi ya shingo. Maziwa kutoka kwa asiyenyonyesha, au hedhi kukatika, au kichwa kuuma na macho kupungua upeo wa pembeni, vinaelekeza kwenye homoni ya prolaktini na tezi ndogo ya chini ya ubongo, huyo asicheleweshwe. Kiu na mkojo wa mara kwa mara, pima sukari. Kwa mwanamume, muulize kama uume husimama wenyewe alfajiri. Ukisimama, mishipa na neva vinafanya kazi, na tatizo lake si la bomba. Kukosa usingizi, kukosa raha ya chochote, hata ya mpira aliokuwa akiupenda, ni sonona mpaka ithibitike vingine. Maumivu wakati wa tendo huua hamu ya mtu yeyote mwenye akili timamu. Na kuumizwa kingono utotoni au ukubwani kuulizwe kwa faragha, mara moja, kwa upole, bila kulazimisha jibu.

Usisahau mfuko wa dawa. Fluoksetini, dawa ya sonona, hupunguza hamu kwa wengi. Haloperidoli na kloropromazini, dawa za magonjwa ya akili, hupandisha prolaktini. Mgonjwa asiache dawa kwa kusoma sentensi hii. Arudi kwa aliyemwandikia, kwa kuwa kipimo au aina ya dawa hubadilishwa.

Damu ya kupima testosteroni, homoni ya kiume, ichukuliwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, maana jioni kiwango hushuka chenyewe na utamtangazia mtu ugonjwa asionao. Jibu la chini lirudiwe siku nyingine kabla ya kusema lolote. Hiyo, homoni ya tezi na prolaktini, ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora.

Majibu yakiwa mazuri, historia ikiwa ya maisha yote, na mwenyewe hana shida nayo, hakuna cha kutibu. Funga faili. Usimpe vidonge "vya kujaribu".

Maana vidonge vya kujaribu ndivyo biashara ya barabarani. Unga wa kuongeza nguvu, mizizi ya kwenye chupa, asali iliyochanganywa. Nyingi ya bidhaa za namna hii zimekutwa duniani kote zikiwa zimetiwa sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, kimyakimya. Mwenye dawa za moyo za jamii ya nitrati akinywa, shinikizo la damu linaweza kuporomoka akafa. Kwa aseksuali hazina hata faida ya kusingizia: sildenafili hufungua mishipa ya damu pale mtu anapokuwa tayari amesisimka, haitengenezi mvuto. Ni kupanua mfereji ambao mwenye shamba hajaomba maji.

Watu wa dini huja na aya. Mathayo 19 inataja matowashi waliozaliwa hivyo, na sura ya An-Nur, aya ya 31, inataja wafuasi wanaume wasio na haja ya wanawake. Hatujioni kuwa wanazuoni, na wala hatudai kwamba aya hizo zinamzungumzia aseksuali wa leo. Tunachomwambia mzazi ni kwamba habari ya kuwapo mtu asiye na haja hiyo haikumshtua yeyote zamani kiasi cha kumwita pepo.

Ndoa

Hapa ndipo ng'ombe wanapohesabiwa, na hapa ndipo ukweli unapochelewa. Ushauri wetu ni mkavu: jambo hili lisemwe kabla ya mahari. Si mbele ya washenga, si kwa ujumbe wa simu unaoweza kusomwa na shemeji, bali wawili wenyewe. Aliye aseksuali aseme kwa maneno ya kawaida, bila neno la kigeni: "Nakupenda, nataka kukaa nawe, lakini tendo halinivuti; sijui kama litawahi kunivuta." Kisha waulizane mambo manne bila kuzunguka: tendo litakuwapo au halitakuwapo, na mara ngapi, watoto wanatakiwa au hapana, asiyeridhika atafanya nini, na nani mwingine ataambiwa. Jibu la "tutaona hukohuko" lina maana ya hapana, na mwenzako alipokee hivyo.

Wapo wanaokubaliana na wakaishi vizuri. Anayetaka mtoto anahitaji tu siku za rutuba: kwa mwenye mzunguko wa siku 28 usiobadilika, kuanzia kama siku ya 10 hadi ya 15, kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano na yai kama siku moja tu. Ridhaa ya ndoa haigeuki ridhaa ya kila usiku, na anayevumilia kwa kuuma meno huishia kumchukia mwenzake. Hilo tumelisikia mezani mara nyingi, na mara nyingi kutoka kwa asiye aseksuali.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Pia inaruhusu mahakama kubatilisha ndoa ikiwa mmoja hakuweza tendo tangu siku ya kufunga, au ndoa haikukamilishwa kwa sababu mmoja alilikataa kwa makusudi. Aliyenyamaza ili aolewe kwa amani ajue kwamba mlango huo upo nyuma yake. Mgogoro wa talaka huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa, ambako mtasemeshwa habari ya chumbani mbele ya watu wazima kadhaa. Ni afadhali kuisema mapema mkiwa wawili.

Kwa shangazi na somo, yaani kungwi, ambao kwetu ndio wanaotumwa kwenda "kuzungumza na mtoto", tunaomba mambo mawili. Waache kumkagua mwili, kwa maana hakuna kitakachoonekana. Na swali lao la kwanza liwe "Mwanangu, wewe mwenyewe unataka kuolewa?", likiulizwa kabla kishika uchumba hakijapokewa.